Kishona Nguo: Ile Gugu Unang'oa Kwa Suruali Ukienda Ocha Tala Ni Dawa, Lakini Chanuka Kwanza

Ni Ijumaa jioni. Umetoka Nai na mathree ya Kangundo Road. Ruai imepita, Kamulu imepita, Joska, Malaa, na saa hii umeshuka steji ya Tala. Badala ya kulipia boda unaamua kukata njia ya mguu kwa mashamba ya watu ndio ufike kwa susu haraka. Ukifika mlangoni unacheki chini: suruali mpya imejaa vijisindano vyeusi. Soksi nazo hazisemeki.

Unaanza kung'oa moja moja na hasira. Susu anakucheka tu.

Kesho yake unamsaidia kukata sukuma ya chakula cha mchana, kisu kinateleza, kidole kinatoa damu. Susu hasemi kitu. Anatoka nje, anarudi na ngumi ya majani mabichi, anayasugua kwa viganja mpaka yatoe maji ya kijani, anakukamulia kwa kidonda. Unauliza ni nini hiyo. Anakuonyesha suruali yako kwa kamba ya nguo. Ni mmea uleule!

Sasa swali. Susu yuko sahihi, ama ni zile hadithi za ocha tu?

Jibu fupi ni hili: kwa vitu vidogo, susu anajua anachofanya. Kwa vitu vikubwa, majani hayohayo yanaweza kukupotezea muda ambao huna. Hii stori ni ya kukuonyesha mpaka uko wapi, ndio usiwe yule msee anadharau kila kitu ya ocha, wala yule anaamini kila kitu bora iitwe "ya asili".

Kwanza, tujue ni mmea gani

Kwa Kiswahili unaitwa kishona nguo, na jina limejieleza. Wakamba wanauita munzee. Wakikuyu wanauita mũcege. Mtaani wengi wanaujua tu kama blackjack. Wanasayansi wanauita Bidens pilosa. Hiyo Bidens maana yake ni meno mawili, na ukichukua kile kisindano kimoja kwa suruali yako ukiangalie vizuri utaona kwa nini: mwisho wake una vimeno viwili au vitatu vyenye miiba midogo ya kurudi nyuma, kama ndoano ya samaki. Ndio maana kuingia ni rahisi, kutoka ni vita.

Hicho kisindano ndio mbegu. Ulipokuwa unatukana kimoyomoyo ukizing'oa na kuzitupa hapo kwa mlango, ulikuwa unampandia susu shamba bila kulipwa. Mmea mmoja unaweza kutoa mbegu 3,000 hadi 6,000. Kwa hivyo usitarajie utaisha leo wala kesho.

Kitu kingine wengi hawajui: kishona nguo si mzaliwa wa huku. Asili yake ni Amerika ya joto. Ulisafiri na watu, mizigo na wanyama mpaka ukaenea dunia nzima, na saa hii unapatikana karibu kila mahali pana joto na mvua kidogo. Hapa Ukambani ukinyeshewa mara mbili tu mvua ya Novemba, unaamka kabla ya mahindi.

Unautambua aje? Shina lina pembe nne, halijaviringa kabisa kama la mimea mingi. Majani yanatoka mawili mawili yakiangaliana, na kila jani mara nyingi limegawanyika vijani vitatu au vitano vyenye kingo za meno kama msumeno. Ua katikati ni la manjano, na linaweza kuzungukwa na petali chache nyeupe au likose kabisa. Halafu zile mbegu nyeusi zinakaa kama mpira wa sindano. Ukiona hizo mbegu, hakuna kuuliza tena.

Mbona nasisitiza? Kwa sababu kando ya njia kuna magugu mengine yenye maua meupe madogo ambayo hutaki kucheza nayo. Gugu karoti, kwa mfano, majani yake yamechanika-chanika kama ya karoti, na linajulikana kwa kuwasha ngozi na kusumbua watu wenye pumu. Ukikosa uhakika, usichume. Muulize mtu anayelijua shamba.

Wazee wanautumia aje

Kuanzia Ukambani mpaka Uganda, Kongo na Afrika Kusini, utapata matumizi yanayofanana sana, na yanafanana hata kati ya watu ambao hawajawahi kukutana.

La kwanza ni hilo la kidonda: majani yanapondwa, maji yake yanawekwa mahali palipokatika ndio damu isimame. La pili ni tumbo: majani yanachemshwa, mtu anakunywa maji yake akiendesha ama tumbo ikikoroga. La tatu ni homa na kikohozi. Wengine wanakamulia kwa sikio linalouma au kwa jicho jekundu, na hizo mbili tutazirudia kwa sababu hapo kuna noma.

Halafu kuna matumizi ambayo si dawa. Majani machanga ni mboga. Watu wamekula kishona nguo miaka mingi, hasa wakati wa kiangazi kirefu mboga zingine zikikataa. Wakulima nao wanachemsha mmea, wanachuja, wanachanganya na sabuni kidogo na kunyunyizia vidukari kwa sukuma.

Sayansi inasema nini

Hapa ndio watu hupotea pande zote mbili, kwa hivyo twende pole pole.

Ni ukweli kuwa kishona nguo kina kemikali zenye nguvu. Watafiti wametoa ndani yake kundi la kemikali zinazoitwa poliasetilini, na flavonoidi kibao. Kwa maabara, dondoo za mmea huu zimezuia aina kadhaa za bakteria. Kule Taiwan wametumia muda mwingi kuuchunguza kwa mambo ya kisukari, na kwa panya walipata kemikali inayoitwa saitopiloini inashusha sukari ya damu.

Sasa sikiza vizuri. Bakteria kwa sahani ya maabara si bakteria ndani ya mwili wako. Panya si mjomba wako. Ukimwaga Jik kwa hiyo sahani bakteria pia watakufa, na hakuna mtu atakwambia ukunywe Jik. Kutoka "imefanya kazi kwa panya" mpaka "kunywa kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni" kuna safari ndefu: kiasi gani, kwa muda gani, kwa nani, na madhara gani. Kwa kishona nguo, hiyo safari haijakamilika.

Na usidhani nasema hivi kwa sababu ni miti shamba. Dawa moja muhimu sana ya malaria ilitoka kwa gugu. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alisoma maandishi ya tiba ya kale, akashika mmea unaoitwa Artemisia annua, na miaka ya 1970 timu yake ikatoa ndani yake kemikali ya atemisinini. Mwaka wa 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Zile tembe za malaria unapewa hosi hapa Kenya zina dawa ya ukoo huo.

Lakini cheki hii: Shirika la Afya Duniani, hao hao wanaopendekeza tembe, hawapendekezi unywe chai ya majani ya Artemisia kutibu malaria. Kwa nini na ni mmea uleule? Kwa sababu kwa tembe kipimo kinajulikana. Kwa kikombe cha chai hakijulikani. Majani yaliyochumwa Aprili mvua ikinyesha si sawa na ya Agosti jua likiwaka. Ngumi ya susu si sawa na ngumi yako. Ukipata dawa kidogo kuliko inayohitajika, mdudu haendi, na anajifunza kukuzoea.

Hiyo ndio shida ya kishona nguo pia. Kemikali iko. Kipimo ndio hakuna.

"Lakini ni ya asili, itanidhuru aje?"

Hii sentensi imepeleka watu wengi pabaya. Sumu ya nyoka pia ni ya asili.

Kwa kishona nguo, hatari ya kwanza haiko hata kwa mmea. Iko mahali umeuchuma. Huu mmea una tabia ya kufyonza madini mazito kutoka kwa udongo, hasa kadimiamu, mpaka wanasayansi wanaufikiria kama njia ya kusafisha ardhi iliyochafuka. Fikiria hiyo maneno. Mmea unaosafisha uchafu wa udongo unauweka wapi huo uchafu? Ndani yake. Kwa majani. Kadimiamu ikiingia mwilini inaumiza figo, na haitoki haraka.

Kwa hivyo kishona nguo ya kando ya Kangundo Road inayopigwa na moshi wa magari kutwa, achana nayo. Ya kando ya Mto Nairobi, achana nayo kabisa. Ya jalalani, ya nyuma ya gereji kwenye betri kuukuu, ya shamba iliyopigwa dawa ya kuua magugu wiki jana, ya mtaro wa maji taka, zote ni hapana. Kama ni lazima, chuma kwa shamba unalolijua, ndani kabisa, mbali na barabara.

Hatari ya pili ni kuzidisha. Kula mboga yake mara moja moja ni kitu watu wamefanya vizazi na vizazi. Lakini kuigeuza dawa ya kila siku, mwezi baada ya mwezi, ni jambo lingine. Kule Transkei, Afrika Kusini, watafiti waliwahi kuishuku mboga hii walipokuwa wakitafuta kwa nini saratani ya umio, ile ya njia ya chakula, ilikuwa imezidi. Kushuku si kuthibitisha, lakini inatosha kukwambia usiifanye soda.

Hatari ya tatu ndio inaniuma zaidi, na tutaifikia.

Ukijikata kidogo: fanya hivi

Tuseme umekwaruzwa na mwiba, ama ni kale kakidole ka kisu. Kidonda kifupi, hakijazama.

Moja, osha mikono yako. Wewe, na anayekusaidia.

Mbili, osha kidonda na maji safi yanayotiririka na sabuni. Usiruke hii. Hii hatua inafanya kazi kuliko jani lolote duniani.

Tatu, chukua kitambaa safi, bonyeza kidonda kwa nguvu kama dakika 10 bila kufunua kuchungulia. Damu nyingi husimama kwa sababu ya kubonyeza. Hata susu akikukamulia majani, nusu ya uganga ni vile anakibana hicho kidole.

Nne, kama bado unataka majani, chukua machanga, yaoshe vizuri na maji safi, ponda kwa kitu kilichooshwa, si kwa jiwe la nje lililokanyagwa na mbuzi. Usiyatafune na mdomo halafu uyaweke kwa kidonda, maana mdomo una bakteria wake. Dondosha maji yake kidogo, funika na kitambaa safi. Ukiona ngozi inawasha au inavimba, osha na uwachane nayo.

Na ukweli wa mambo? Ukikosa majani kabisa, hatua ya moja mpaka ya tatu zinatosha.

Masikio na macho sasa, kama nilivyoahidi: usiweke. Sikio linalouma linaweza kuwa na ngoma iliyotoboka ndani, na ukimwaga maji ya majani unapeleka uchafu mahali hautatoka. Jicho nalo halina spea. Kwa hayo mawili mkatalie susu kwa heshima.

Kwa tumbo ya kuendesha, kitu kinachoua ni kuishiwa na maji, na haswa kwa watoto. Kwa hivyo kitu cha kwanza ni maji ya chumvi na sukari ya pakiti, ile ORS, inapatikana kemisti na kwa zahanati. Chai ya kishona nguo si mbadala wake. Mtoto mdogo usimpe kabisa.

Nani asiukunywe

Kama una mimba au unanyonyesha, acha. Hakuna kipimo kinachojulikana kuwa salama kwako na kwa mtoto.

Kama una kisukari na unatumia dawa au insulini, acha mpaka umwambie daktari. Kumbuka wale panya wa Taiwan. Kama mmea unashusha sukari, na dawa yako inashusha sukari, mnaweza kushuka wote pamoja: unatetemeka, jasho linakutoka, unaona kizunguzungu, na unaweza kuzima.

Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au unangoja kufanyiwa upasuaji, acha. Na kama una mzio wa mimea ya ukoo wa alizeti, kaa mbali, kwa sababu kishona nguo ni binamu yake.

Ukienda hosi ukiwa umekunywa kitu chochote cha miti shamba, sema. Usiogope kugombezwa. Daktari hawezi kukisia kilicho tumboni mwako.

Hapa ndio majani yanaisha

Ile hatari ya tatu ni kuchelewa. Kishona nguo mara nyingi hakikuumizi chenyewe. Kinakuumiza kwa kukufanya ungoje.

Cheki mfano. Msee amekanyaga msumari wenye kutu kwa boma ya ng'ombe. Shimo ni dogo, damu ni kidogo, anakamulia majani, anaendelea na kazi. Kidonda kinaonekana kimefunga. Lakini viini vya pepopunda, ile watu huita tetanasi, vinakaa kwa udongo na mavi ya wanyama, na vinapenda sana kidonda kirefu chembamba kisicho na hewa. Dalili zinaweza kuja baada ya siku 3 hadi 21: taya linakaza, shingo inakaza, mwili unajipinda. Hakuna jani la kurudisha hapo. Kulikuwa na sindano tu, na ilihitajika mapema.

Kwa hivyo nenda hosi siku hiyohiyo kama kidonda kimezama, kama kimetokana na msumari, meno ya mbwa au kitu chenye kutu, kama damu haisimami baada ya kubonyeza, au kama kuna usaha, uvimbe na joto. Mbwa akikuuma, osha na sabuni na maji kwa dakika 15 halafu uende ukachanjwe kichaa cha mbwa, kwa sababu huo ugonjwa dalili zikianza karibu hakuna anayepona. Ukiumwa na nyoka, usikate, usinyonye, usipake kitu. Tulia, usitumie hicho kiungo, upelekwe. Kutoka Tala, hospitali ya Kangundo Level 4 si mbali.

Homa je? Pima kwanza. Kama umetoka Kisumu au Pwani wiki mbili zilizopita na mwili unatetemeka, hiyo si ya kuchemshiwa kitu. Kipimo cha malaria kinatoka kwa dakika chache.

Na huyu mjomba wako ambaye ameacha dawa za sukari na presha kwa sababu mtu wa sokoni amemuuzia chupa inayotibu magonjwa arobaini? Usimkejeli, maana ukimkejeli atanunua ya pili. Mwambie aendelee na dawa zake za hosi, halafu mwende pamoja mkamwonyeshe daktari hiyo chupa. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inatambua tiba za kienyeji, na KEMRI ina kituo kizima cha kuchunguza dawa za asili. Kwa hivyo hakuna aibu kuuliza. Muulize pia muuzaji kama dawa yake imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Akianza kuzungukazunguka, umepata jibu.

Sasa susu tumwambie nini?

Mwambie asante. Kweli kabisa. Kabla kemisti haijafika kijijini, mtu wa kwanza kukimbiliwa mtoto akijikata alikuwa yeye, na hayo majani yaliwasaidia wengi. Muulize akufundishe. Ni majani gani anachuma, kwa nini anachukua machanga kabla maua kutoka, mama yake alimwambia nini. Andika kwa simu. Hayo maarifa yakienda na yeye, hakuna wa kukuuzia tena.

Halafu umwambie na wewe unachojua: maji na sabuni kwanza, shamba safi si kando ya lami, na msumari ni wa hosi hata kama ni usiku.

Na ukirudi Nai Jumapili, zile sindano za kwa suruali usizitupe hapo kwa mlango wake. Zichome kwa jiko. Susu amechoka kupalilia.